Risasi Iliingia Wapi

Oktoba 14

Redio imesema asubuhi hii kwamba marehemu "alikuwa mstari wa mbele akiwarushia askari mawe." Marehemu ni mume wangu. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai, nikakibamiza ukutani. Mama mkwe akaja mbio kutoka uani akasema mjane harushi vyombo. Nikamuuliza mjane afanye nini basi, apige makofi?

Naandika kwa sababu nimefungiwa ndani na sina mtu wa kumpigia kelele. Miezi minne na siku kumi za eda katika nyumba hii ya Ujiji, bila wanja, bila manukato, bila kuvuka kizingiti. Eda siikatai. Swaibu anastahili eda yangu na zaidi. Ninachokataa ni kukaa hivi, nimejifunika kanga, huku watu wazima wanamzulia mtu ambaye hawezi tena kujibu.

Oktoba 15

Mvua ya kwanza ya maana. Jiko lote maji.

Oktoba 17

Niandike yaliyotokea kabla watu hawajanivuruga kwa maneno yao.

Wachuuzi wa soko la Mwanga waliambiwa wabomoe vibanda vyao. Pa kuhamia hawakuonyeshwa. Walituma wazee kwenda kuomba, wazee wakaambiwa warudi kesho, na kesho wakaambiwa kesho. Swaibu alikuwa fundi cherehani pale tangu kabla hajanioa. Basi wakaamua kuandamana. Mafundi, mama lishe, wauza mitumba, wauza mawese, na wachuuzi wa samaki wakapanda kutoka Katonga na Bangwe kuwaunga mkono. Barabara ilijaa watu tangu juu mpaka chini.

Vijana kadhaa walirusha mawe. Hilo silifichi, kaniambia Bariki, dereva wa bodaboda wa mtaani kwetu ambaye alikuwa karibu na Swaibu. Lakini anasema Swaibu hakuokota hata kokoto. Askari wakapiga mabomu ya machozi, kisha risasi. Watu wakatawanyika. Katika ule moshi Bariki alimpoteza, na alipomwona tena Swaibu alikuwa chini, kifudifudi, mbele ya duka la vitambaa. Akampakia kwenye pikipiki, mtu mwingine akamshikilia kwa nyuma. Walipofika hospitali alikuwa amekwisha kufa.

Aliyekwenda kuuchukua mwili ni Chande. Chande ni kaka yake Swaibu, baba mmoja mama mmoja, na ndiye mwenyekiti wa mtaa wetu. Alisema maiti hacheleweshwi, azikwe kabla ya magharibi. Sote tukaitikia, maana ndivyo tulivyolelewa, unamzika mtu wako haraka ili apumzike. Hakuna daktari aliyempima wala aliyeandika lolote la maana. Waliomwosha ni Chande mwenyewe na Mzee Mwinshehe, mwosha maiti wa msikiti wetu. Tukafanya haraka kama tulivyofundishwa, na waliompiga risasi nadhani walishukuru sana.

Chande alipotoka kumwosha ndugu yake alipita mbele yangu bila kunitazama. Alikwenda uani akashika ukuta kwa mikono miwili, akasimama hivyo muda mrefu.

Oktoba 20

Marcelina amekuja. Ni rafiki yangu tangu tulipokaa dawati moja shule ya msingi, yeye Muha wa Katonga, Mkatoliki, muuza dagaa na migebuka, mimi mtoto wa Ujiji. Aliingia na kapu la samaki, akanisalimia kama kawaida yake.

"Mwakeye, Mwanne."

"Nimeamka, mama. Habari za huko?"

Akasema Katonga watu hawafanyi kazi, wanabishana tu. Wengine wanasema polisi wameua. Wengine wanasema nani aliwatuma kwenda barabarani. Nikamuuliza yeye yuko upande gani. Akaanza kupanga samaki kwenye sinia, akawapanga vizuri kupita kiasi.

"Umva, Mwanne, sikiliza. Wale nao ni watoto wa watu. Wanapewa amri."

Hapo nikakumbuka mdogo wake, Castory, yule aliyekuwa akija kucheza kwetu na kamasi puani. Ni askari hapahapa mjini.

"Castory alikuwepo?"

"Ego," akasema. Ndiyo. "Alikuwepo kwenye mstari."

Nilimwambia achukue samaki wake atoke nyumbani kwangu. Sikumwambia kwa sauti ndogo. Alitoka akilia, samaki akawaacha. Mama mkwe akawakaanga, nikala kwa hasira, na walikuwa watamu, jambo ambalo limeniudhi zaidi.

Oktoba 24

Mvua kutwa.

Oktoba 28

Dirisha langu liko juu ya baraza ya nyumba, na kila baada ya alasiri wanaume wa mtaa hukaa hapo kunywa kahawa. Wanajua nipo ndani. Wanashusha sauti kwa dakika mbili, kisha wanasahau.

Leo Mwalimu Adolf, mstaafu anayejua kila kitu, kasema askari naye ana haki ya kujilinda. Mtu akirushiwa jiwe afanye nini, alidake? Mwingine akasema jiwe na bunduki si kitu kimoja. Mwalimu akasema nyinyi hamjui mafunzo ya askari. Wakamuuliza yeye anayajua wapi, na hakuwahi kuwa hata mgambo. Wakacheka. Wamecheka chini ya dirisha langu.

Kisha mmoja akasema, kwa huruma kabisa, "Lakini Swaibu hakuwa mtu wa vurugu. Alikuwa anapita tu." Na wote, pamoja na Mwalimu Adolf, wakakubaliana. Alikuwa anapita tu, masikini. Alikuwa anakwenda kununua uzi. Alikuwa anarudi nyumbani. Kila mtu kampa Swaibu safari yake.

Wanawake wanaokuja kunipa pole nao wanasema hivyohivyo, na mimi naitikia kwa kichwa. Ni maneno mazuri. Yanamfanya mtu mwema. Ila kuna kitu ndani yake kinanikwama kooni, sijakijua bado.

Novemba 3

Sina la kuandika. Nimekunja nguo, nimekunjua, nimekunja.

Novemba 9

Leo nimemuuliza Chande.

Alikuja na unga na mafuta, kama anavyokuja kila wiki. Hapo sina la kumlaumu. Alikaa sebuleni, mimi nikakaa nyuma ya pazia la chumbani, mama mkwe katikati, akichambua mchele. Tulizungumza mvua. Tulizungumza bei ya mchele. Kisha nikasema:

"Shemeji, wewe ndiye uliyemwosha. Risasi iliingia wapi?"

Mama mkwe aliacha kuchambua.

"Shemeji, usiniulize hilo."

"Nakuuliza. Redio inasema alikuwa anawakabili askari kwa mawe. Bariki kamkuta kifudifudi. Kama risasi iliingia kifuani, niambie nilie yaishe. Kama iliingia mgongoni, basi mume wangu alikuwa anakimbia, na wote hao ni waongo."

"Mwosha ana amana," akasema. "Aliyoyaona kwa maiti hayatoki nje. Ndiyo dini yetu. Unataka nimvue ndugu yangu mbele za watu?"

Alisema kwa upole, kwa sauti ya ustadhi. Nimelelewa hivyo pia. Bibi yangu alikuwa mwosha wa wanawake, alikufa na siri za nusu ya Ujiji. Niliona haya kama niliyetukana. Chande akaaga, akaenda zake.

Sasa, ninapoandika, haya imeniisha. Mtu ambaye hajaona kitu husema sijaona kitu.

Novemba 10

Usingizi sina. Chande ameona.

Novemba 22

Nimegombana na mama mkwe. Alisema, ugali mkononi, "Ungemzuia asiende." Nikamwambia umemzaa wewe, umemlea wewe, na wewe ulikuwa uani asubuhi ile alipoaga, mbona hukumzuia? Akaweka tonge chini. Hatukusemezana mpaka usiku, na nyumba hii ina vyumba vitatu tu.

Lakini kumbe hilo ndilo lililokuwa limenikwama kooni. Ungemzuia asiende. Maana yake alikwenda. Sisi wawili tunajua alikwenda. Alikunywa uji, akasema leo hafungui kibanda, leo wanaandamana, na atarudi mapema. Hakuwa anapita popote. Na sisi sote, mimi wa kwanza, tumemgeuza mpita njia ili watu wamhurumie.

Desemba 2

Mzee Mwinshehe kaja kuniona. Nilimwita mimi. Ni mkali, anakohoa, hapendi kuitwa na wanawake, na alianza kwa kulalamika kwamba njia yetu ina tope. Mama mkwe alimpa kahawa. Nikamsalimia shikamoo kutoka nyuma ya pazia, nikamuuliza moja kwa moja.

"Mimi sikuona," akasema. "Macho yangu yana ukungu, mjukuu wangu. Siku hizi namimina maji tu. Kugeuza, kusugua, kukafini kwa sanda, alifanya Chande."

"Chande anasema mwosha ana amana."

"Kweli anayo."

"Kwa hiyo risasi ni siri?"

Akakohoa weee, mpaka nikadhani nimemuua. Kisha akasema jambo ambalo naliandika kama alivyolisema: "Sisi tunasitiri aibu ya maiti. Mtu akibadilika rangi, akitoa harufu, akiwa na kilema alichokificha maisha yake yote, hiyo tunafukia naye. Kupigwa risasi si aibu ya maiti. Ni aibu ya aliyepiga. Huyo hatukuagizwa kumsitiri."

"Umemwambia Chande hivyo?"

"Nimemwambia wiki ileile ya mazishi."

"Akasemaje?"

"Akasema, mzee, wewe huna mtaa wa kuuongoza."

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na birika la kahawa. Sikuuona uso wake.

Desemba 3

Tangu Oktoba nimekuwa namwona Chande mtu mzito wa dini. Kumbe ni mwoga mwenye kanzu safi.

Desemba 6

Redioni wameweka kipindi, watu wanapiga simu. Mama mmoja wa Bangwe kasema mwanawe alipigwa rungu akiwa amekwisha kaa chini na mikono kichwani. Mtangazaji akamkatiza, akashukuru, akapokea simu nyingine. Bwana mmoja akasema polisi walitumia busara sana, wangetaka wangeua wengi. Ameshukuru kwa niaba yetu, kwamba kafa mmoja tu. Nilizima redio. Nikaiwasha tena, maana kutosikia ni kubaya zaidi.

Desemba 13

Ziwa limechafuka, mitumbwi haijatoka. Samaki hakuna. Tumekula maharage siku zote hizi na mama mkwe ananitazama tu, kama mtu anayetafuta pa kuanzia.

Desemba 19

Marcelina karudi. Alisimama kizingitini, kalowa chapachapa, akasema hatoki mpaka nimsikilize. Nikamwambia aingie, asije akafa kwa homa nikalaumiwa kwa hilo pia.

Akanieleza. Castory alikuja nyumbani kwao Katonga, akakaa jikoni kwa mama yao, akasema. Waliambiwa wapige juu, hewani, kuwatisha. Wengi walipiga juu. Watu wakageuka kukimbia, na hapo, watu walipokuwa wamekwisha kugeuka, kuna aliyeshusha bunduki. Castory anasema anamjua ni nani. Hajamtaja hata kwa mama yake. Wiki iliyofuata kahamishiwa mkoa mwingine, na amekwisha kwenda.

"Kwa hiyo walikuwa wanakimbia," nikasema.

"Walikuwa wanakimbia."

"Na Castory atasema hivyo wapi? Jikoni kwa mama yenu?"

"Mwanne, ana watoto wawili."

"Mimi nina mmoja, na hana baba." Binti yetu Lulu anasoma bweni Kasulu, alikuja kumzika baba yake akarudi kufanya mitihani, na likizo hii yuko hukohuko kwa ndugu zangu. "Mwambie mdogo wako nimesikia. Mwambie simshukuru."

"Sikuja unishukuru. Nimekuja kwa sababu niliongea upumbavu siku ile. Wanapewa amri, nilisema. Amri ilikuwa wapige juu, na hata hiyo hawakuifuata." Akaanza kulia tena. Safari hii sikumfukuza. Nilimpa kanga kavu. Lakini sikumkumbatia, na wala sitaandika hapa kwamba nilimkumbatia.

Januari 8

Wametangaza. Kamati ya kusikiliza wananchi inakuja, itakaa ukumbini kule mjini, itasikiliza mashahidi juu ya yote yaliyotokea siku ya maandamano. Itamaliza na kuondoka kabla eda yangu haijaisha. Baraza nzima imechangamka. Mwalimu Adolf kachukua kalamu anaandika hotuba.

Januari 12

Chande atasema kwa niaba ya familia. Hakuja kushauriana, alikuja kuarifu. Nikamuuliza nyuma ya pazia atasema nini.

"Nitasema marehemu alikuwa mtu wa amani. Alikuwa anapita tu, akakutwa na mkasa."

"Na risasi?"

"Shemeji, hilo limekwisha."

"Basi nitakwenda mwenyewe."

Akacheka kidogo, si kwa ubaya, kama mtu anavyomcheka mtoto anayesema atakwenda mwezini. "Mjane wa eda ukumbini, mbele ya wanaume? Watu watasema nini juu ya Swaibu?"

"Watu wamekwisha sema juu ya Swaibu. Wamesema alistahili kufa."

"Hakuna aliyesema hivyo."

"Kila anayesema alikuwa anapita tu anasema hivyo! Maana yake asingekuwa anapita, ingekuwa sawa."

Nilisikia maneno yakinitoka na mwenyewe nikashtuka. Ndiyo hayo niliyokuwa nikiyatafuta tangu Oktoba. Chande alisema tu, alipokuwa anavaa viatu, kwamba wakubwa wamemwambia mtaa wake uwe tulivu, na kwamba nyumba hii inaangaliwa, na kwamba anatulinda mimi na Lulu na mama. Sauti ilikuwa imebadilika, ile ya ustadhi haikuwepo. Anaogopa kwelikweli. Nilitaka kumwonea huruma nikaona sina hata chembe.

Januari 16

Radi imepiga mnazi wa jirani.

Januari 19

Leo mama mkwe kapata pa kuanzia.

Nilikuwa nachambua mboga. Akaja akakaa kwenye kibao mbele yangu, akaninyang'anya kisu.

"Eda," akasema, "mtu akiumwa anatoka kwenda hospitali au hatoki?"

"Anatoka."

"Akiwa hana wa kumtafutia chakula?"

"Anatoka, mchana, kwa haja ya lazima. Anarudi kulala kwake."

"Mwinshehe naye kaniambia hivyo." Akakata mchicha, akaukata vibaya, vipande vikubwa. "Mimi niliuona uso wa mwanangu tu. Wameshamvika sanda, wakanifunulia uso, nikambusu. Sijui waliponitobolea mtoto. Mama mzima sijui. Na yule mwingine anajua, anakula ugali wangu, anafuta mdomo, ananyamaza." Kisu kikasimama. "Kesho kutwa tunakwenda. Mimi na wewe. Atakayeuliza, mimi ndiye nitakayejibu."

Miaka yote ya ndoa yangu nimemwita mama kwa adabu tu. Leo nimemwita kwa kuwa nimetaka.

Januari 21

Marcelina alikuja na bajaji mpaka mlangoni. Mama mkwe alitoka wa kwanza, mimi nyuma yake, nimejifunika kanga mpaka machoni. Barazani vikombe vyote vilisimama. Mwalimu Adolf akauliza, "Bi mkubwa, mjane wa eda anapelekwa wapi?" Mama mkwe akamwambia, "Hotuba yako imekwisha? Basi twende ukaisome." Tukaondoka.

Sijaona nje tangu Oktoba. Majani yameota mpaka kwenye mitaro. Mwanga, pale vibanda vilipokuwa, ni uwanja wa matope na vipande vya mbao. Kumbe walibomoa. Hakuna aliyeniambia.

Ukumbi ulijaa. Mbele kulikuwa na meza ndefu, wanakamati, karani na kiongozi wao, bwana wa makamo mwenye sauti ya taratibu. Askari wakubwa walikaa safu ya kwanza. Mmoja wao alizungumza kwanza, Kiswahili safi, kilichopigwa pasi. Nguvu ya kadiri. Hali isiyozuilika. Kifo cha kusikitisha. Hakuna mahali katika maelezo yake yote ambapo mtu alifyatua risasi. Risasi zilifyatuka.

Wakafuata wananchi. Yule mama wa Bangwe alikuwepo, na hapa hakukatizwa, akasema yote. Bariki akasema alivyombeba Swaibu, na mwisho akasema, akitazama chini, kwamba Swaibu alikuwa anapita tu. Wameshamfundisha na yeye. Kisha akaitwa Chande.

Alisema kama alivyoahidi. Mtu wa amani. Anapita tu. Mkasa. Kiongozi wa kamati akashukuru, akatazama karatasi zake.

"Wewe ndiye uliyemwosha marehemu?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Jeraha la risasi lilikuwa upande gani? Mbele au nyuma?"

Chande akaupapasa ukosi wa kanzu yake. Nilimwona kutoka nyuma ya ukumbi. "Mheshimiwa, kwa dini yetu mwosha hasemi aliyoyaona kwa maiti."

"Tunaheshimu imani yako," akasema kiongozi, na askari wa safu ya kwanza wakatikisa vichwa kwa heshima. Sijawahi kuona dini yetu ikiheshimiwa namna ile na watu wale.

Nikasimama. Sikumbuki kuamua.

"Shemeji Chande!"

Watu wakageuka. Nikasikia wanawake wakinong'ona, mjane, yumo edani, mjane huyo. Kiongozi akagonga meza. Sikunyamaza.

"Mzee Mwinshehe amekwambia, na mimi nakwambia mbele ya mama yako. Cha kusitiriwa ni aibu ya Swaibu. Kupigwa risasi si aibu yake. Wewe unamsitiri nani?"

"Bibi, kaa chini," akasema kiongozi.

Badala ya mimi kukaa, mama mkwe akasimama. Ni mfupi, walio nyuma hawakumwona, lakini Chande alimwona. Akasema neno moja tu, "Chande," kama alivyomwita labda alipokuwa mdogo na ameficha kitu nyuma yake.

Chande akautazama ukumbi wote, watu wa mtaa wake. Kisha akageuka, akaipa kamati mgongo, akapeleka mkono wake nyuma, akautafuta mfupa wa bega la kushoto, akashuka kidogo, akabonyeza kwa kidole. Akabaki hivyo. Mama mkwe akatoa sauti ambayo sitaki kuisikia tena maishani mwangu, na wanawake wote wakaipokea.

Ukumbi ulipotulia, kiongozi akamwinamia karani. "Andika, shahidi hakutoa jibu." Akainua uso. "Anayefuata."

Hakutoa jibu! Mtu mzima kasimama mbele ya halaiki, kidole kiko palepale kwenye kifo cha ndugu yake, hakutoa jibu!

Nikatembea mpaka mbele, nikakaa kwenye kiti cha mashahidi.

"Bibi, jina lako halimo."

"Mimi ni Mwanne, mke wa Swaibu. Niingize."

Askari mmoja akainuka. Mama mkwe na Marcelina walikuwa wamekwisha simama nyuma yangu, mmoja huku na mmoja huku. Marcelina akamtazama yule askari, akamwambia kwa upole, "Kaa, mwanangu." Askari akakaa, sijui kwa nini. Nikaanza.

"Wote waliotangulia wamesema alikuwa anapita tu. Hakuwa anapita. Aliniaga asubuhi akaniambia anakwenda kuandamana. Alikuwa na kibanda, mlitaka kukibomoa bila kumwonyesha pa kwenda, na aliona ana haki ya kusema hapana barabarani mchana. Jiwe hakushika. Mlipopiga risasi alikimbia, kama ambavyo ungekimbia wewe, na akapigwa mgongoni. Andika hivyo. Aliandamana, na alipigwa mgongoni akikimbia, na ndugu yake aliyemwosha amewaonyesha mahali."

Karani alikuwa ameshika kalamu hewani, anamtazama mkubwa wake. Kiongozi akasema muda wa kikao umekwisha. Nikamwambia mimi sina haraka, mimi ni mtu wa eda, hata nyumbani nakwenda kukaa tu. Nikarudia yote tangu mwanzo, polepole, kama unavyomsomea imla mtoto wa darasa la pili. Hakuandika. Nikarudia tena. Nyuma yangu hakuna aliyeondoka, sikusikia hata kiti kikisogezwa.

Mara ya tatu kalamu ikashuka. Karani aliandika kwa kasi, bila kuniangalia. Alipomaliza nikainuka, nikainama juu ya meza, nikasoma kwa sauti alichoandika. Mstari wa kwanza ulisema marehemu alikuwa mpita njia.

Nikamwambia afute. Akamtazama mkubwa wake, akanitazama mimi. Nikarudi kitini, nikakaa, mpaka akafuta.